Wahugenoti: Jina Lililotoka Vinywani mwa Wapinzani

Machi 1560, katika mji mdogo wa Amboise kando ya mto Loire nchini Ufaransa, maiti zilining'inizwa kwenye roshani za ngome ya mfalme ili kila mpita njia azione. Waliouawa walikuwa wafuasi wa La Renaudie, kabaila aliyekula njama ya kumtwaa mfalme François II, kijana wa miaka 16, na kumtoa mikononi mwa ukoo wa Guise uliokuwa ukitawala kwa jina lake. Njama ilivuja kabla haijaiva. Mamia ya watu walinyongwa, wakakatwa vichwa, au wakatoswa mtoni. Wengi wao walikuwa Waprotestanti waliofuata mafundisho ya Jean Calvin, na katika majuma yale ya damu neno moja lililokuwa likisikika hapa na pale likaenea ufalme mzima: *huguenot*. Kwa Kiswahili tuwaite Wahugenoti.

Calvin mwenyewe, akiwa Geneva, alikuwa ameipinga njama ile. Lakini jina la kejeli halingoji maelezo. Tangu siku hizo fundi viatu aliyeimba Zaburi kwa Kifaransa nyumbani kwake, na bwana mwenye upanga aliyetaka kumteka mfalme, waliitwa kwa jina moja. Aliyewachukia hakuwa tena na haja ya kuuliza nani aliamini nini, wala nani alitenda nini.

Sura hii inalifuata jina hilo kutoka Amboise hadi Rasi ya Tumaini Jema. Lilianza likiwa tusi, likafutwa na sheria, likavuka mipaka pamoja na wakimbizi, na mwishowe likawa fahari ya wajukuu. Ninalifuata kwa sababu moja. Naamini jina la waumini hupata maana kutokana na yale wanaolibeba wanayokubali kuyapoteza kwa ajili ya imani yao, na huipoteza maana hiyo siku wanapoligeuza kuwa hati ya kuwatenga wengine. Historia ya Wahugenoti inayaonyesha yote mawili.

Mzimu wa Tours na mamluki wa Geneva

Neno hili lilitoka wapi? Wasomi wamebishana tangu karne ya 16, na majibu yao yenyewe yanatuonyesha jinsi watu walivyowatazama Wakalvini.

Jibu la kwanza linatoka Tours, mji ulio jirani na Amboise. Ilisimuliwa huko kwamba mzimu wa mfalme mmoja wa kale, Hugo, hutembea usiku karibu na lango la mji lililoitwa kwa jina lake. Waprotestanti wa Tours, kwa kuogopa kukamatwa, walikutana usiku. Majirani wakawaona kama watoto wa Hugo, watu wa gizani. Henri Estienne, mchapishaji na msomi aliyekuwa Mprotestanti mwenyewe, aliliandika simulizi hilo mwaka 1566. Ndani yake mna dhuluma ya wazi: watu walilazimishwa na sheria kusali usiku, kisha wakachekwa kwa kuwa watu wa usiku.

Jibu la pili linatoka Geneva, na wanahistoria wengi huliona kuwa na nguvu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 16, kabla Calvin hajafika, mji huo ulikuwa uking'ang'aniwa na mtawala wa Savoy. Wananchi waliotaka uhuru walitafuta muungano na miji ya Uswisi. Waswisi walijiita kwa Kijerumani *Eidgenossen*, yaani watu waliofungamana kwa kiapo, na ndimi za Kifaransa zikalitamka *eidguenots*. Kiongozi mmojawapo wa kundi hilo aliitwa Besançon Hugues, na inawezekana jina lake liliongeza sauti ya "hug" katika neno. Muungano na Bern na Fribourg ulipatikana mwaka 1526.

Wapinzani wao, waliokuwa upande wa Savoy, nao walibandikwa jina: *mammelus*, yaani Wamamluki, kwa kukumbuka wale askari watumwa waliotawala Misri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa uchungu wa jina hilo, maana mpaka leo mamluki kwetu ni mtu anayepigania maslahi ya mwingine kwa malipo. Mji mmoja ukagawanyika kati ya watu wa kiapo na watu wa kununuliwa. Baada ya Calvin kuingia Geneva mwaka 1536 na mji huo kuwa chuo cha wachungaji waliotumwa Ufaransa, ilikuwa rahisi kwa wapinzani kulichukua jina la siasa za Geneva na kulipachika kwenye dini iliyotoka huko. Maana ya siri ndani yake ilikuwa: ninyi si Wafaransa kamili, mna kiapo na wageni.

Lipo na jibu la tatu, ambalo baadhi ya Waprotestanti walilipenda. Walisema wameitwa hivyo kwa sababu walisimama na uzao wa mfalme Hugues Capet, babu wa wafalme halali wa Ufaransa, dhidi ya ukoo wa Guise uliojinasibisha na Charlemagne. Kihistoria hoja hiyo ni dhaifu. Lakini tazama walivyofanya: waliambiwa ni wasaliti, wakalipindua neno lilelile liseme kwamba wao ndio waaminifu.

Wenyewe walijiitaje?

Mwezi Mei 1559 wajumbe wa makanisa yao walikutana Paris kwa siri katika sinodi yao ya kwanza ya taifa. Walikubaliana juu ya ungamo la imani na utaratibu wa kanisa: wachungaji, wazee, mashemasi, na mabaraza, bila kanisa moja kuwa bwana wa jingine. Kwao wenyewe walikuwa *réformés*, watu wa Kanisa lililotengenezwa upya kwa Neno la Mungu. Katika mazungumzo ya kawaida walisema tu "watu wa Dini".

Jina la Calvin lenyewe lilikuwa na historia ya namna hiyo. Lilianza kutumiwa na wapinzani wa Kilutheri waliogombana naye kuhusu Meza ya Bwana, na Calvin alilalamika hadharani kuona imani ya Kristo ikiitwa kwa jina la mwanadamu. Tunaposema "Mkalvini" leo kwa adabu zote, tunatumia neno ambalo Calvin hakulitaka.

Hili si geni kwa msomaji wa Biblia. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza Antiokia. Kinasema waliitwa, hakisemi walijiita. Si geni pia kwetu Afrika Mashariki. Neno "mlokole" lilitujia kutoka Kiganda, likiwa na maana ya mtu aliyeokolewa. Wako wanaolivaa kwa furaha, na wako wanaolitamka kwa kukunja midomo. Sikiliza sauti ya msemaji ndipo ujue amekusudia nini.

Huko Ufaransa, sauti ilikuwa ya chuki. Tarehe 1 Machi 1562, watu wa mkuu wa ukoo wa Guise waliwaua Waprotestanti waliokuwa wakisali katika ghala mjini Wassy, na vita vya dini vikaanza. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, 24 Agosti 1572, mauaji yalianza Paris na kusambaa mikoani, maelfu walichinjwa. Waprotestanti nao, pale waliposhika miji, walivunja sanamu, walipora makanisa na waliua mapadri na watawa. Tukilisifu jina bila kuyataja haya, tutakuwa tumelisema nusu.

"Dini inayodaiwa"

Aliyevimaliza vita hivyo alikuwa Henri IV, mfalme aliyekuwa Mhugenoti na akajiunga na Kanisa Katoliki ili aweze kuitawala nchi nzima. Aprili 1598 alitoa Amri ya Nantes. Iliwaruhusu Wakalvini kuabudu katika sehemu zilizotajwa, kushika nyadhifa za serikali, kuamuliwa kesi zao katika mahakama zenye mahakimu wa pande zote mbili, na kubaki na miji yenye ngome kwa usalama wao, La Rochelle ukiwa mashuhuri kuliko yote.

Lakini soma amri hiyo uone inavyowaita. Haikuandika Wahugenoti, kwa kuwa neno lilikuwa la mtaani. Haikuandika Kanisa la Matengenezo, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kukubali kwamba Kanisa Katoliki lilihitaji kutengenezwa. Iliandika *religion prétendue réformée*, dini inayodaiwa kuwa ya matengenezo. Makarani waliichoka na kuifupisha kwa herufi tatu: RPR. Kwa takriban karne moja Mkalvini wa Ufaransa aliyekwenda ofisi ya serikali, kwa kesi au mkataba, alilazimika kuandikwa kwa neno lililoitilia shaka imani yake. Alivumiliwa, ila kila karatasi ilimkumbusha kwamba anavumiliwa tu.

Uvumilivu huo ulipunguzwa kidogo kidogo. La Rochelle iliangushwa mwaka 1628 baada ya kuzingirwa na njaa kali, na mkataba wa Alès wa 1629 ukawanyang'anya Wahugenoti ngome zao. Mfalme Louis XIV aliendelea kufunga makanisa yao na kuwafungia kazi moja baada ya nyingine. Kuanzia 1681 askari waitwao dragoni walipangiwa kulala na kula katika nyumba za Wahugenoti, wakiruhusiwa kutesa familia mpaka baba atie saini kuwa amekuwa Mkatoliki. Miji mizima ilitia saini.

Sheria ilipotangaza kwamba hawapo

Oktoba 1685, kwa Amri ya Fontainebleau, Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes. Sababu iliyotolewa ni kwamba haikuhitajika tena, kwani sehemu kubwa ya watu wa "dini inayodaiwa" walikuwa wameongoka. Makanisa yaliyosalia yabomolewe. Wachungaji waondoke nchini ndani ya majuma mawili. Waumini wa kawaida wasiondoke: mwanamume akikamatwa akitoroka atapelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme, mwanamke atafungwa gerezani.

Kuanzia hapo, katika karatasi za serikali, hapakuwa na Mhugenoti hata mmoja. Waliobaki waliitwa "waongofu wapya", na watoto wao na wajukuu wao wakaendelea kuitwa waongofu wapya miongo mingi baadaye. Ndoa isiyofungwa na padri haikuwa ndoa mbele ya sheria, na watoto wake walikuwa haramu wasio na urithi. Matokeo yake yaligusa kitanda, shamba na kaburi la kila familia.

Waliokataa walijipa jina jingine. Walisema wako Jangwani, *au Désert*, kama wana wa Israeli kati ya Misri na Kanaani. Walikusanyika mapangoni na mabondeni katika milima ya Cévennes, wakaweka walinzi, wakabeba mimbari inayofunguliwa vipande vipande. Wachungaji wao walipofungisha ndoa waliandika Jangwani kuwa mahali pa tukio. Wengine, waitwao Camisard, walishika silaha kati ya 1702 na 1704. Kuanzia 1715 mhubiri kijana Antoine Court aliwageuza kutoka vita na unabii wa kusisimua, akawarudishia sinodi, wazee na mafundisho.

Katika mnara wa Constance huko Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, walifungwa wanawake waliokamatwa kwa ajili ya mikutano hiyo. Marie Durand aliingia mwaka 1730 akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Kaka yake Pierre, mchungaji wa Jangwani, alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie angeweza kutoka siku yoyote kwa kuikana imani. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38. Kwenye jiwe la sakafu ya juu ya mnara huo limechongwa neno moja lenye maana ya "kinzeni", na mapokeo yanasema ni mkono wake.

Tafakari hilo kidogo. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba watu wake hawapo. Yeye hakuwa na askari, kalamu ya sheria wala mahali pa kukata rufaa. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kukataa kusema neno moja la uongo kuhusu moyo wake, na alikataa kwa miaka 38. Wahenga wetu wanasema jina jema hung'ara gizani. Kama kuna siku neno "Mhugenoti" liliacha kuwa tusi, mimi naiweka katika miaka ile, mikononi mwa wanawake wale.

Sheria ilichelewa kuwafuata. Mwaka 1762 mfanyabiashara Jean Calas aliuawa kwa gurudumu la mateso mjini Toulouse kwa shutuma kwamba alimuua mwanawe asiwe Mkatoliki. Voltaire, mwandishi ambaye hakuwa na mapenzi na Ukalvini, alimtetea mpaka hukumu ikatenguliwa mwaka 1765. Mwaka 1787 amri ya Versailles iliwarudishia wasio Wakatoliki haki ya kusajili kuzaliwa, ndoa na vifo. Desemba 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yaliruhusu vizazi vya waliokimbia kwa sababu ya dini kurudia uraia wa Ufaransa, na mlango huo uliendelea kuwa wazi hadi 1945.

Jina ukimbizini

Licha ya katazo, watu wapatao 200,000 walitoroka. Waliovuka mipaka walibeba ujuzi kuliko mizigo: ufumaji wa hariri, utengenezaji wa saa, uchapaji, kofia, karatasi. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, aliwakaribisha kwa Amri ya Potsdam mwaka uleule wa 1685, na karibu 20,000 walikwenda kwake. Kufikia mwaka 1700 hivi, karibu mkazi mmoja kati ya watano wa Berlin alikuwa Mhugenoti. London mitaa ya Spitalfields ilijaa vitanda vya kufumia hariri. Neno la Kiingereza *refugee*, ambalo leo dunia nzima hulitumia kwa mkimbizi, lilitoka kwa Kifaransa *réfugié*, na watu wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa hawa.

Huko ughaibuni jina lilibadilika tabia. Kwa mwenyeji wa London au Berlin, Mhugenoti alikuwa mtu mwenye bidii aliyedhulumiwa na mfalme jeuri. Alilalamikiwa pia, kama wageni wanavyolalamikiwa kila mahali, kwamba anashusha ujira na kula vyakula vya ajabu. Hata hivyo, heshima ilishinda. Karne ya 19 ilimalizia kazi hiyo: mwaka 1836 mtunzi Meyerbeer alipandisha opera ya *Les Huguenots* jukwaani Paris, mwaka 1852 Waprotestanti wa Ufaransa waliunda chama cha historia yao, na mwaka 1885, miaka 200 baada ya Fontainebleau, chama cha Wahugenoti kikaanzishwa London. Watu sasa walichambua koo zao wakitafuta babu Mhugenoti.

Franschhoek

Hapo ndipo hatari ilipojificha, na mfano wake mkubwa uko barani kwetu.

Kuanzia mwaka 1688 merikebu za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilileta Wahugenoti wapatao 150 hadi 200 Rasi ya Tumaini Jema. Walipewa mashamba katika mabonde ya Drakenstein na mahali palipokuja kuitwa Franschhoek, Kona ya Wafaransa. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi. Kampuni iliwachanganya na wakulima Waholanzi ili wasiwe jamii ya peke yao, na baada ya vizazi viwili Kifaransa kilikuwa kimekufa. Yalibaki majina: de Villiers, du Toit, Joubert, Malan, le Roux, Viljoen. Wakimbizi hawa na watoto wao walilima mizabibu kwa mikono ya watumwa, wakiwemo waliotekwa Madagaska na Msumbiji. Ndani ya kizazi kimoja watu waliokimbia minyororo ya merikebu za Louis walikuwa wameshika minyororo ya wengine.

Mwaka 1948 mnara wa kumbukumbu ya Wahugenoti ulizinduliwa Franschhoek. Mwaka huohuo chama cha D. F. Malan, mzao wa Wahugenoti aliyewahi kuwa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo, kilishinda uchaguzi na kuanza kuijenga apartheid kwa sheria. Zilifuata sheria zilizowagawa watu kwa daftari la rangi, zikakataza ndoa, zikaamua nani aishi wapi. Msomaji aliyeifuata sura hii atazitambua: ni mbinu zilezile za 1685, ndoa isiyo ndoa, mtu asiyetambuliwa, karatasi inayokuambia wewe ni nani. Majina ya du Plessis na de Villiers yalibebwa pia na familia nyingi ambazo sheria hizo ziliziita machotara na kuzihamisha kwa nguvu. Jina la Mhugenoti lilikuwa limekuwa hati ya damu, na damu ile haikufundisha huruma.

Hata hivyo sauti iliyojibu ilitoka ndani ya nyumba ileile ya Calvin. Mwaka 1982 Muungano wa Makanisa ya Reformed Duniani, uliokutana Ottawa, ulitangaza kwamba kuitetea apartheid kwa theolojia ni uzushi, na ukamchagua Allan Boesak wa Afrika Kusini kuwa rais wake. Mwaka huohuo kanisa lake, lililotengwa kwa ajili ya watu waliowekwa kwenye kundi la machotara, liliandika Ungamo la Belhar, na kulipitisha rasmi mwaka 1986. Linatamka kwamba Mungu, kwa namna ya pekee, ni Mungu wa wanaodhulumiwa. Walioliandika hawakuwa na mnara wa mababu wa kujivunia. Lakini walisimama mahali waliposimama watu wa Jangwani.

Nani anastahili jina

Ufaransa nako kuna jibu. Katika uwanda wa Le Chambon-sur-Lignon, eneo la Waprotestanti tangu zamani, wanakijiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliwaficha maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi waliokuwa wakisakwa. Mchungaji André Trocmé na mkewe Magda walikuwa miongoni mwa walioongoza. Taasisi ya Yad Vashem ya Israeli iliutambua uwanda mzima mwaka 1990. Wakulima wale walilelewa kwa simulizi za dragoni, za mapango, za Marie Durand. Walipoona watu wanawindwa kwa ajili ya jina walilozaliwa nalo, walijua la kufanya.

Franschhoek na Le Chambon zina babu mmoja. Kumbukumbu ya mateso ni ileile, Zaburi ni zilezile. Kilichotofautiana ni swali ambalo kila upande ulijiuliza mbele ya kumbukumbu hiyo. Mmoja uliuliza: tulitendewa nini, na sasa tunastahili nini? Mwingine uliuliza: nani leo anatendewa kama tulivyotendewa?

Leo Wakalvini wako Nairobi, Eldoret, Kigali na Kinshasa kwa mamilioni, chini ya majina kama Presbiteri na Reformed, na wachache sana kati yao wana tone la damu ya Kifaransa. Kwao urithi wa Wahugenoti uko wazi bila cheti cha ukoo. Anayekataa kuisaliti dhamiri yake hata bei ikipanda, kisha akailinda dhamiri ya jirani asiyeamini kama yeye, amelirithi jina hilo kikamilifu. Anayelitaja ili kumfungia mwingine mlango amebaki na herufi zake tu.